Mamluki Akivuliwa Nguo

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu anayekodisha bunduki yake. Leo anampigania huyu, kesho anampigania yule, kwa sababu yule ameongeza dau. Sisi humwita mamluki, na hata tukilitamka neno hilo viwanjani au kwenye siasa, aghalabu tunalitamka kwa kushutumu. Huyu wetu wa leo anaitwa Jayne Cobb. Ni mhusika wa Firefly, tamthilia ya Kimarekani ya bunilizi ya kisayansi iliyotungwa na Joss Whedon. Televisheni ya Fox ilianza kuirusha Septemba 20, 2002, na kufikia Desemba mwaka huohuo ilikuwa imekwisha kusitishwa. Zilitengenezwa sehemu 14. Wakati ule zilirushwa 11 tu, tena kwa mpangilio uliovurugwa, hata sehemu iliyoandikwa ili kufungua hadithi ikaja kuonyeshwa mwishoni kabisa.

Tamthilia iliyoishi miezi mitatu ingeweza kusahaulika. Lakini mimi, kila ninapomwona mamluki mpya kwenye skrini, humpima kwa Jayne. Naamini waandishi wa hadithi ile walimtendea mamluki haki kuliko wengi waliowatangulia na wengi waliowafuata. Hawakumsafisha, wala hawakumtupa. Walituonyesha kitu kimoja ambacho nataka tukitazame kwa makini leo: utu wa mtu kama huyu unaanzia wapi, na unahitaji nini ili usife.

Kwa ambaye hajaiona, nieleze kwa ufupi. Ni mwaka 2517. Wanadamu wamehama duniani, wanaishi katika sayari na miezi mingi. Sayari za katikati ni tajiri, zina hospitali na majeshi; za pembezoni ni vumbi, migodi na ng'ombe. Dola ya katikati ilitaka kuziweka zote chini ya mamlaka yake. Watu wa pembezoni wakakataa, wakapigana, wakashindwa. Malcolm Reynolds, sajini wa upande ulioshindwa, amenunua chombo kikuukuu cha anga na kukiita Serenity, jina la bonde ambako jeshi lake lilivunjika. Humo wanaishi watu tisa. Mzigo wa halali ukipatikana wanaubeba. Usipopatikana wanabeba wa magendo, au wanaiba. Yumo Kaylee, fundi wa injini, binti mwenye moyo mweupe. Yumo mchungaji, Shepherd Book. Yumo daktari kijana, Simon Tam, aliyemtorosha dada yake River kutoka mikononi mwa serikali iliyokuwa ikimfanyia majaribio ya ubongo. Ndugu hawa wawili wanasakwa kila mahali, na atakayewatoa ana zawadi yake.

Na yumo Jayne, aliyeigizwa na Adam Baldwin. Pande la mtu, mwenye maneno ya karaha, anayependa kula, anayelala na silaha ukutani, na anayeipenda bunduki yake moja hata akaipa jina la Vera. Jinsi alivyoingia chomboni tunasimuliwa katika sehemu iitwayo Out of Gas. Jayne na wenzake wamewakamata Malcolm na msaidizi wake Zoe kwa mtutu wa bunduki. Badala ya kuomba roho yake, Malcolm anamuuliza Jayne swali la biashara: hawa wenzako wanakupa mgao gani? Asilimia saba. Na unalala wapi? Chumba anagawana na mwenzake. Malcolm anamwahidi mgao mkubwa zaidi na chumba chake peke yake. Jayne anafikiri kidogo, anampiga mwenzake risasi ya mguu, kisha anauliza chumba chenyewe ni kikubwa kiasi gani.

Ni tukio la kuchekesha, na wengi hucheka. Lakini lisikilize vizuri. Nahodha amemnunua mtu mbele ya macho yetu, na tumeona bei. Tangu siku ile kila mtu chomboni anajua kwamba mtu aliyenunuliwa kwa njia hii anaweza kununuliwa tena kwa njia hiihii. Nahodha naye anajua. Katika sehemu ya kwanza ya hadithi, askari kanzu wa serikali anakamatwa ndani ya chombo baada ya kumpiga Kaylee risasi, na anamwahidi Jayne fedha nyingi iwapo atamgeuka nahodha wake. Jayne hamgeuki. Baadaye Malcolm anamuuliza kwa nini. Jayne anajibu kwamba fedha yenyewe haikutosha. Na siku itakapotosha? Anasema siku hiyo patakuwa na jambo la kutazamwa.

Jibu lile ni baridi kama chuma. Ila katika sehemu hiyohiyo kuna picha fupi ambayo mtazamaji mwenye haraka anaweza kuikosa. Kaylee amelazwa katika chumba cha matibabu, daktari anamhangaikia, haijulikani kama atapona. Nje ya kioo, peke yake, amesimama Jayne anachungulia. Hasemi kitu, na hakuna aliyemlipa asimame pale. Waandishi wametuwekea mambo mawili ubavuni mwa mtu mmoja: ulimi unaosema kila kitu kina bei, na miguu iliyokwenda mahali pasipo na malipo. Hawakutuambia lipi ndilo la kweli. Yote mawili ni ya kweli, na hapo ndipo uzito wa mhusika huyu ulipo.

Sasa tuingie katika sehemu iitwayo Jaynestown, iliyoandikwa na Ben Edlund. Chombo kinatua kwenye mwezi mmoja wa vibarua wanaochimba udongo. Ni vibarua waliofungwa na mikataba, wanaopondwa na bwana mwenye mwezi ule, hakimu Higgins. Jayne ana wasiwasi, kwa sababu miaka minne nyuma aliwahi kuiba huko. Wanapofika katikati ya mji wanakuta sanamu. Ni sanamu yake. Watu wana wimbo wa kumsifu, na baa inamnywesha bure.

Kilichotokea ni hiki. Jayne na mwenzake Stitch walimwibia hakimu fedha nyingi, chombo chao kidogo kikapigwa, kikaanza kushuka. Ilibidi wapunguze uzito. Jayne alimtupa kwanza Stitch. Kisha, uzito ulipokuwa bado mkubwa, ndipo akazitupa fedha. Sikiliza mpangilio huo, msikilizaji: mtu kwanza, fedha baadaye. Fedha zikawaangukia vibarua kama mvua, na hakimu alipotaka kuzirudisha, vibarua waliinuka wakamkatalia. Hivyo wakaamini kwamba mtu wa angani aliwaonea huruma. Wema walioupata ni wa kweli: walikula, na zaidi ya kula walijua kwamba bwana wao anaweza kukataliwa. Lakini nia ya wema ule haikuwepo. Jayne alikuwa akiokoa ngozi yake.

Stitch, aliyenusurika na kufungwa miaka minne ndani ya kisanduku, anaachiliwa, anakuja uwanjani na kutoboa siri yote mbele ya umati. Kisha anainua bunduki amuue Jayne. Kibarua mmoja kijana, aliyekwisha kusikia ukweli wote, anaruka mbele na kuipokea risasi kifuani. Jayne anamuua Stitch, anamwendea yule kijana, anamtingisha, anamfokea mfu kwa nini amefanya hivyo. Anawapigia kelele watu kwamba hakuna shujaa atakayewashukia, kuna watu tu wa aina yake. Halafu anaisukuma ile sanamu mpaka inaanguka.

Wakiwa wamekwisha kuondoka, Jayne anamwambia nahodha kwamba haelewi. Malcolm anamjibu kwamba hakuna sanamu ambayo haikuwa ya mtu mwenye dhambi zake. Jambo lenyewe halimhusu Jayne, linahusu kile watu wale walichokihitaji. Jayne anabaki haelewi. Anajua tu kwamba huenda wanaisimamisha tena sanamu ile muda huohuo.

Wataalamu wa maadili wamebishana siku nyingi juu ya suala hili: je, tendo lipimwe kwa nia au kwa matokeo? Jaynestown inalibeba suala lote bila kulihubiri. Matokeo yalikuwa mema, nia ilikuwa mbovu, na mtu mwenyewe hastahili sifa. Hata hivyo sifa zile zimemfanyia jambo ambalo miaka ya vita haikumfanyia. Kwa mara ya kwanza ameona mtu akimwamini hata baada ya kujua uovu wake, na imani hiyo imemwumiza kuliko risasi. Kabla ya siku ile angeweza kusema kwamba dunia yote ni soko. Yule kijana alikataa soko kwa mwili wake, na hilo Jayne hawezi kulitia katika hesabu.

Ungetegemea baada ya somo zito hivyo Jayne abadilike. Tamthilia nyingine ingefanya hivyo. Firefly haikufanya, na ndiyo sababu naiheshimu. Wiki chache baadaye inakuja sehemu iitwayo Ariel. Daktari Simon amewakodi wenzake waibe dawa katika hospitali kubwa, na wakati huohuo yeye apate kumpima dada yake ubongo. Jayne ndiye anayepewa jukumu la kuwalinda ndugu hao ndani ya hospitali. Kikulacho ki nguoni mwako: Jayne amekwisha kuwauza kwa askari wa serikali kwa ajili ya zawadi. Siku ile aliyoisema, siku fedha itakapotosha, imefika.

Askari nao wanamgeuka. Ofisa anayewakamata anataka zawadi yote iwe yake, kwa hiyo anamtia pingu Jayne pamoja na wale aliowauza. Jayne anapigana, wanatoroka wote watatu, na Simon, asiyejua kitu, anarudi chomboni akimsifu kwa ushujaa. Jayne anazipokea sifa. Lakini nahodha ameelewa. Anampiga Jayne kwa spana kubwa, na Jayne anapozinduka yuko katika chumba kidogo kilichopo kati ya mlango wa ndani na mlango wa nje. Mlango wa nje uko wazi kidogo, chombo kinapanda, hewa inazidi kuwa nyembamba. Malcolm yuko upande wa pili, anazungumza naye kwa kipaza sauti.

Tulitazame tukio hili hatua kwa hatua, maana mazungumzo yangu yote ya leo yananing'inia hapa. Kwanza Jayne anakana. Kisha anakiri na kuomba radhi: fedha zilikuwa nyingi, nikapumbaa. Hiyo ni lugha yake ya siku zote, lugha ya bei. Halafu anashangaa kwa dhati kwa nini nahodha amelichukulia jambo hili moyoni, wakati aliowauza ni wengine, hakumuuza yeye. Malcolm anamwambia kwamba anayemgeuka mmoja wa watu wangu amenigeuka mimi. Jayne ananyamaza. Kisha anauliza jambo ambalo hatukulitegemea: utawaambia nini wenzetu kuhusu kifo changu? Malcolm anasema bado hajafikiri. Na Jayne, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akipigania pumzi, anaacha kuomba uhai. Anaomba nahodha abuni uongo wowote, ila asiwaambie alichokifanya.

Hapo Malcolm anaufunga mlango wa nje.

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Jayne hajawahi kuwa muungwana hata siku moja, lakini amevuliwa nguo na amechutama. Tumeona bei yake ikipanda na kushuka tangu mwanzo wa hadithi, ila leo ametaja kitu ambacho hakina bei. Kwa mtu aliyekwisha kukubali kufa, fedha haina maana tena. Kilichobaki ni macho ya Kaylee, ya mchungaji, ya watu anaokula nao meza moja. Anaona haya. Nahodha, mtu aliyekwisha kuwaona wanadamu wakifa kwa maelfu, anatambua kwamba mwenye haya bado hajapotea.

Sisi watu wa utamaduni huu tunalijua jambo hili tangu utotoni. Mtoto akikosa hatuanzi na sheria. Tunamuuliza kama hana haya. Mtu mzima akifanya ufedhuli, tusi kubwa kuliko yote ni kwamba ameishiwa na haya. Tunaelewa kwamba haya si woga wa adhabu. Mwoga wa adhabu hujificha polisi wasimwone. Mwenye haya hataki mama asikie, hataki rafiki ajue, hataki yule aliyemwamini avunjike moyo. Haya hutuunganisha na watu. Ndiyo maana namwambia kila mwandishi kijana anayeniuliza namna ya kumwandika mtu mbaya: usimtafutie wema wa ghafla, mtafutie mtu ambaye angeona haya mbele yake.

Na haya ile ilizaa matunda, madogo lakini halisi. Katika sehemu inayofuata, War Stories, Jayne anatumia fungu lake kununua matofaa mabichi kwa ajili ya chombo kizima, anasa kubwa kwa watu waliozoea chakula cha makopo. Hasemi sababu, nasi tunaijua. Katika sehemu hiyohiyo nahodha anatekwa na mhalifu katili aitwaye Niska. Kwenda kumwokoa ni kama kujiua, na Jayne mwenyewe anasema hivyo. Kisha anabeba silaha anakwenda. Hakukuwa na malipo.

Kisha inakuja sehemu ya Trash, mojawapo ya zile tatu ambazo Fox haikuzirusha na zikaja kuonekana baadaye katika DVD. Jayne ameumia mgongo, amelala mbele ya Simon, hawezi kujisogeza. Daktari anamuuliza kwa utulivu: askari walikuahidi kiasi gani ulipotuuza? Kumbe alijua. Ile siri aliyoomba afe nayo haikufichika. Simon angeweza kulipiza kisasi palepale kwa sindano moja. Badala yake anamwambia kwamba yeye ni daktari wake, na kwamba mtu akiwa katika kitanda kile yuko salama, hata afanye nini huko nje. Mtu mwenye kanuni amesimama juu ya mtu mwenye bei, na hakumpigia mahesabu. Baada ya hapo River, kwa utulivu uleule, anamkumbusha Jayne kwamba yeye anaweza kumuua. Msamaha umetolewa, lakini hatari ya usaliti haijasahauliwa. Mambo hayo mawili yakikaa pamoja, ndivyo jamii yenye akili inavyoishi na mkosaji wake.

Linganisha na mamluki anayejulikana zaidi siku hizi, Din Djarin wa The Mandalorian, tamthilia iliyoanza Novemba 2019. Naye ni mwindaji wa kulipwa. Anamkabidhi mtoto mdogo kwa watu waovu, anapokea chuma cha thamani kutengenezea deraya, kisha katika sehemu ya tatu anarudi kumwokoa mtoto yule. Ni hadithi nzuri, na sehemu ile ya tatu inagusa. Lakini swali la umamluki linafungwa mapema mno. Baada ya hapo tunamtazama baba akimlea mwana, na bunduki ya kukodishwa imegeuka bunduki ya mlinzi. Jayne hajapewa njia hiyo ya mkato. Anaendelea kuwa mtu ambaye ukikaa naye chombo kimoja ni lazima umpende na umchunge kwa wakati mmoja.

Hapa huenda msikilizaji mmoja, hasa aliyeko Kisangani, Goma au Bukavu, ananiambia: wewe unazungumza habari za angani, sisi mamluki tumewaona kwa macho. Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuikwepa.

Mwaka 1964, serikali ya Moïse Tshombe iliwakodi Wazungu chini ya Mike Hoare, kikosi kilichoitwa 5 Commando, kuwapiga waasi wa Simba mashariki mwa Kongo. Walifika hadi Kisangani, wakati ule Stanleyville, na nyuma yao wakaacha uporaji na mauaji ambayo historia imeyaandika. Ughaibuni Hoare alisimuliwa kama muungwana jasiri. Mwaka 1978 ikatoka filamu ya The Wild Geese, ambamo Richard Burton aliigiza kanali wa mamluki aliyechorwa kwa mfano wake, na Hoare mwenyewe akawa mshauri wa utengenezaji wake. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1981, mzee yuleyule alitua Mahé, Ushelisheli, akiwa na kundi la watu waliojifanya chama cha wanywaji bia waliokwenda kustarehe. Katika mikoba yao walipakia vitu vya kuchezea watoto, na chini yake, katika sehemu ya siri, bunduki. Ofisa wa forodha aliigundua moja, mpango wa kuipindua serikali ukaharibika uwanjani palepale, nao wakateka ndege ya Air India na kukimbilia Durban. Sanamu ya udongo ilikuwa imejengwa kwa sinema, na watu wazima waliiamini.

Na si habari za zamani tu. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, mamia ya mamluki wa Kizungu, wengi wao Waromania, walivuka mpaka kuingia Rwanda ili wapande ndege kurudi kwao. Wenyeji wa Goma walibaki na vita yao.

Kwa hiyo sheria ina haki ya kuwa kali. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake wa kupiga vita umamluki huko Libreville mwaka 1977, ukaanza kutumika 1985. Mwaka huohuo wa 1977, itifaki ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva ilimnyima mamluki haki ya kuhesabiwa mfungwa wa vita. Miongoni mwa vigezo vya kumtambua, itifaki hiyo inataka ithibitike kwamba kilichomsukuma hasa ni tamaa ya faida binafsi. Yaani sheria inataka kuiona nia. Na nia ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kuthibitisha mahakamani, maana kila mmoja atasema alikuja kupigania uhuru, au kulinda raia, au kuwafunza askari. Hadithi nzuri inaweza kuingia pale ambapo mwendesha mashtaka hafiki.

Kwangu Jayne na Hoare hawapingani; mmoja ananisaidia kumwelewa mwingine. Jayne aliokolewa na udogo wa chombo. Watu tisa, jiko moja, meza moja ya kulia, hakuna pa kukimbilia macho ya mwenzako. Haya yake ilipata mahali pa kuota. Mwondoe humo, mpeleke mji ambao hajui jina la mtu hata mmoja, ambako anayelia ni mgeni na anayekufa ni hesabu. Jayne huyohuyo atakuwa yule aliyemtupa Stitch na kushikilia fedha mpaka mwisho. Uovu wa biashara ya umamluki ni huo hasa. Inamchukua mtu kutoka kwa watu anaowaonea haya na kumweka mbele ya watu ambao mbele yao haoni haya yoyote, kisha inamlipa. Fedha fedheha, lakini fedheha yenyewe huhitaji mashahidi, na mamluki hupelekwa mbali na mashahidi wake.

Ndiyo sababu kitu ninachokithamini sana katika tamthilia ile ni kofia. Katika sehemu ya The Message, Jayne anapata kifurushi kutoka nyumbani. Ndani mna barua ya mama yake, na kofia ya sufu aliyomfumia, ya rangi za machungwa na manjano, yenye masikio ya kuning'inia. Barua inamshukuru kwa fedha anazotuma, kwa kuwa kuna mgonjwa wa mapafu nyumbani na zimesaidia. Jayne anaivaa kofia papo hapo, mbele za watu, kwa fahari. Basi hata fedha ile tuliyoidhani tamaa tupu ilikuwa na anwani. Hilo halimtakasi, waliouzwa kwa ajili ya zawadi nao walikuwa watoto wa mtu. Lakini linatukumbusha kwamba anayekodisha bunduki mara nyingi ni mtoto wa nyumba fulani yenye mgonjwa, yenye deni, yenye mama anayesubiri.

Tunahitaji kukumbuka hivyo sasa kuliko wakati wowote, kwa sababu katika miaka hii tumesikia habari za vijana wa Afrika Mashariki walioishia katika vita vya Ukraine. Wengine walidanganywa kwamba wanakwenda kazini. Wengine waliahidiwa fedha ambazo hapa kwetu wasingeziona kwa miaka. Tukiwaita mamluki tukaishia hapo, tutakuwa tumesema kweli nusu. Waliowanunua wanajua vizuri nusu ya pili: wanajua kijana anatoka wapi, anadaiwa nini, na ni nani anayemsubiri amtumie fedha.

Katika filamu ya Serenity ya mwaka 2005, iliyofunga hadithi hii, watu wa chombo kile wanagundua kwamba serikali iliwaua watu milioni 30 wa sayari moja kwa dawa iliyokusudiwa kuwafanya wapole, kisha ikaificha habari. Nahodha anawataka wenzake wahatarishe maisha yao kuutangaza ukweli. Hakuna mgao, hakuna asilimia. Jayne, aliyekuwa akishikilia muda wote kwamba River ni hatari na aondolewe, ndiye anayekubali mapema kabisa. Anataja maneno aliyoambiwa na mchungaji Book, ambaye wakati huo amekwisha kuuawa, kwamba ukishindwa kufanya la busara fanya la haki. Hakuwa amegeuka mtakatifu. Alikuwa na mtu mmoja ambaye hata baada ya kufa aliendelea kumwonea haya.

Msikilizaji wangu, basi ombi langu ni hili. Tunapotazama mamluki kwenye skrini, tusimjengee sanamu kwa sababu anapiga risasi vizuri na ana maneno ya kuchekesha, na tusikubali kudanganywa kwamba kubembeleza mtoto mmoja kunafuta damu yote. Tumuulize mwandishi: huyu anaona haya mbele ya nani? Na nje ya skrini, ukimjua kijana anayeshawishiwa kwenda kupigana vita ya watu asiowajua, usibishane naye juu ya bei, kwa sababu katika bei utashindwa. Wanunuzi wana fedha kuliko wewe. Kaa naye. Mwite kwa jina la nyumbani. Mwambie ni nani watakaomuuliza habari zake, na kwamba tunataka arudi akiwa mtu anayeweza kuwatazama usoni.